Kusoma Jiwe la Kaburi la Meroe: Mwongozo Kamili wa Mwandiko na Lugha ya Kushi ya Kale

Umbali wa kilomita 200 hivi kaskazini mashariki ya Khartoum, ukingoni mwa Naili kati ya poromoko la 5 na la 6, yamesimama mabaki ya Meroe, mji uliokuwa makao ya wafalme na malkia wa Kushi kwa karne nyingi. Watu wa dola hiyo walitumia kwanza mwandiko wa Misri na lugha ya Misri katika mahekalu yao. Baadaye, karne chache kabla ya Kristo, walifanya jambo ambalo halikufanywa na wengi: walichukua maumbo ya Kimisri, wakayapunguza na kuyapanga upya, wakapata mwandiko mwepesi unaolingana na lugha yao wenyewe. Huo ndio mwandiko wa Kimeroe, mmoja wa miandiko ya kale kabisa ya Afrika, na hadi leo wasomaji wake ni wachache mno kulingana na hadhi yake.

Mwongozo huu umekusudiwa msomaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kuugusa mwandiko huo. Lengo lake ni moja: kumfikisha mahali ambapo ataweza kutazama picha nzuri ya jiwe la kaburi la Kimeroe, kuitamka mistari yake, kulitambua jina la marehemu na majina ya wazazi wake, na kuielewa dua inayofunga maandishi. Lengo hilo linafikika kwa yeyote mwenye subira, kwa sababu mawe ya makaburi yalifuata utaratibu ule ule kwa mamia ya miaka.

Tofautisha kusoma na kuelewa

Jambo hili litangulie mengine yote, maana wanaolipuuza hupotea mapema. Tunaweza kuyatamka maandishi ya Kimeroe kwa uhakika mkubwa, lakini sehemu kubwa ya lugha yenyewe bado imefungwa. Maneno ambayo maana yake haina ubishi ni mia moja na ushei, na mengi kati yake ni vyeo, majina ya miungu, majina ya miji na msamiati wa maziko.

Sababu yake inaeleweka tukiangalia jinsi mwandiko ulivyofumbuliwa. Mwaka 1844 msafara wa Prussia ulioongozwa na Karl Richard Lepsius ulikuta huko Wad ban Naqa jiwe la kuwekea mashua takatifu ya hekaluni, lililochongwa majina ya Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore kwa hieroglifu, yaani maandishi ya picha, za Kimisri na za Kimeroe. Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alilitumia jiwe hilo, pamoja na maandishi mengi yaliyotoka makaburi ya Karanog yaliyochimbwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kati ya 1909 na 1911 akafaulu kuipa kila alama sauti yake. Ila jiwe la Wad ban Naqa lina majina tu. Hakuna tangazo refu lililoandikwa kwa Kimeroe na kwa lugha nyingine inayojulikana, la namna ile iliyowafungulia wataalamu lugha ya Misri. Kwa hiyo kila neno la Kimeroe limelazimika kuchimbuliwa moja moja kutokana na picha iliyo kando yake, mahali lilipoandikwa, maneno yaliyoazimwa kutoka Misri, na ulinganisho na lugha za jirani.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Mahitaji ni machache. Daftari lenye mistari mipana, kalamu ya risasi na karatasi nyembamba za kunakilia juu ya picha zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Mkono ukizoea kuchora maumbo, jicho nalo huyatambua upesi. Anayeanza kwa kusoma bila kuchora huchelewa.

Kwa upande wa kompyuta, mwandiko wa Kimeroe uliingizwa katika Yunikodi, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, mwaka 2012, sehemu moja ikiwa ya hieroglifu na nyingine ya mwandiko wa mkono. Fonti ya Noto Sans Meroitic hupatikana bure na huonyesha aina zote mbili. Fahamu tu kwamba maandishi huanzia kulia kwenda kushoto, hivyo programu ya kuandikia itayapanga kama inavyopanga Kiarabu, na ukichanganya mstari wa Kimeroe na wa Kiswahili katika aya moja mpangilio unaweza kuvurugika. Weka kila lugha katika mstari wake.

Kuhusu maandishi yenyewe, kitabu cha msingi ni mkusanyo mkubwa ulioongozwa na Jean Leclant na kuchapishwa Paris mwaka 2000, ambao wataalamu huutaja kwa herufi REM. Kila andiko limepewa namba yake humo, na popote utakapoona REM ikifuatwa na tarakimu nne ujue ni andiko mahususi lenye picha au mchoro. Maandishi yanayojulikana leo yanazidi 2,000. Makumbusho yenye mawe mengi ni pamoja na ya Berlin, London, Philadelphia na Aswan, na baadhi yao huweka picha zao wazi mtandaoni.

Makumbusho ya Taifa ya Sudan mjini Khartoum, ambayo ndiyo nyumba ya haki ya urithi huu, iliporwa baada ya vita kuzuka Aprili 2023. Kwa sababu hiyo, ukikuta kipande chenye maandishi ya Kimeroe kinauzwa mtandaoni, usikinunue hata kwa nia ya kukiokoa. Kila ununuzi humtia mwizi moyo. Hifadhi picha ya tangazo na uitaarifu makumbusho au mamlaka ya mambo ya kale.

Hatua ya 2: Zijue alama 23

Mwandiko wa Kimeroe una sura mbili. Ya kwanza ni hieroglifu, yaani picha za wanyama, watu na vitu, zilizotumiwa hasa katika mahekalu na makaburi ya wafalme. Ya pili ni mwandiko wa mkono uliotokana na mwandiko wa kawaida wa Misri uitwao demotiki, nao ulitumika kwa karibu kila kitu kingine: mawe ya makaburi, meza za sadaka, vigae, mafunjo, ngozi, na maneno yaliyochorwa kutani na mahujaji. Sehemu kubwa mno ya maandishi yaliyobaki iko katika mwandiko wa mkono, kwa hiyo anza na huo, ingawa kila alama yake ina mwenzake katika hieroglifu na kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine hakuna ugumu.

Alama zote ni 23, mbali na kitenganishi cha maneno. Zigawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni irabu nne: a, e, i na o. Alama ya a hutokea mwanzoni mwa neno tu. Alama ya o ilitumika kwa sauti mbili, o na u.

Kundi la pili ni konsonanti 15: y, w, b, p, m, n, r, l, x, h, s, k, q, t na d. Herufi x hapa ni desturi ya wataalamu ya kuandika sauti iliyo karibu na kh ya neno letu kheri, na h ni ndugu yake wa karibu, si h nyepesi ya neno letu hapa. Herufi q ilitamkwa kama k yenye w nyuma yake. Ndiyo maana jina la Kushi kwa Kimeroe huandikwa Qes. Herufi d nayo ilitamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi, hivyo wageni waliisikia kama r. Mji ambao wenyeji waliuandika Medewi au Bedewi uliwafikia Wagiriki kama Meroe.

Kundi la tatu ni alama nne za silabi nzima: ne, se, te na to. Hizi huwatatiza wanaoanza, kwa kuwa mtu hutazamia kuona n ikifuatiwa na e, kumbe kuna alama moja tu. Zikariri peke yake.

Ukitaka kuonja hieroglifu mapema, shika chache zinazokaa haraka kichwani: simba ni l, bundi ni m, kondoo dume ni b, jicho ni d, unyoya ni e, na kichwa cha ng'ombe ni o.

Hatua ya 3: Elewa kanuni ya a iliyofichika

Hapa ndipo moyo wa mwandiko ulipo, na hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri. Griffith aliziona alama hizi kama herufi za kawaida, na ni mtaalamu wa Ujerumani Fritz Hintze aliyeonyesha baadaye, katika miaka ya 1970, kwamba kila konsonanti hubeba a ndani yake. Alama ya m ikisimama peke yake husomwa ma. Ikifuatwa na i husomwa mi. Ikifuatwa na o husomwa mo au mu. Ni hesabu ile ile ya ba, be, bi, bo, bu tuliyoimba darasa la kwanza, isipokuwa a haiandikwi.

Chukua jina la Mfalme Natakamani. Kwa Kimeroe huandikwa n-t-k-m-n-i. Soma alama moja moja: n ni na, t ni ta, k ni ka, m ni ma, kisha n na i huungana kuwa ni. Na-ta-ka-ma-ni. Jina zima limetoka kwa alama sita.

Sasa la malkia aliyetawala pamoja naye: a-m-n-i-to-r-e. Alama ya a imesimama mwanzoni kama ilivyotarajiwa, m ni ma, n na i ni ni, kisha ile alama ya pekee ya to, na mwisho r na e. A-ma-ni-to-re. Sehemu ya kwanza ya jina hilo, kama sehemu ya mwisho ya jina la Natakamani, ni mungu Amani, ambaye Wamisri walimwita Amun. Utakutana naye katika majina mengi ya kifalme, kwa mfano Arkamani, Tanyidamani, Amanirenas na Amanishakheto, na mara nyingine waandishi waliiacha a ya mwanzo wakaandika mni tu.

Kanuni ya pili inahusu e. Alama hii ilikuwa na kazi mbili: wakati mwingine ni irabu ya kweli, na wakati mwingine ni ishara tu kwamba konsonanti iliyotangulia haina irabu yoyote, kwa kuwa bila ishara hiyo msomaji angeweka a. Jambo hilo linahusu pia ne, se na te. Hakuna njia ya kujua kwa kuangalia tu. Hujulikana kwa kulinganisha jinsi jina lile lile lilivyoandikwa kwa Kigiriki au Kimisri. Kwa mwanafunzi, njia salama ni kuitamka e kila mahali na kukumbuka kwamba huenda mwenyeji aliimeza.

Kabla ya kuendelea, jipime. Kati ya mawe yaliyotoka makaburi ya Sedeinga, ambako wanaakiolojia wa Ufaransa wamechimba kwa miaka mingi, kuna la bibi aliyeitwa Maliwarase. Liandike jina hilo kwa kanuni ulizojifunza. Utahitaji m, l, i, w, r na alama ya pekee ya se. Ukiandika s na e mbalimbali, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Tafuta yasiyoandikwa

Waandishi wa Meroe hawakuandika n iliyotangulia konsonanti nyingine. Cheo kilichoifanya Kushi ijulikane duniani kinaonyesha vizuri jambo hili. Kimeandikwa k-d-k-e, ambayo kwa kanuni ya hatua ya 3 ingesomwa kadake. Rudisha n iliyoachwa na utapata kandake, cheo ambacho msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekutana nacho katika Matendo ya Mitume sura ya 8, ambapo Kandake ametajwa kuwa malkia wa Wakushi. Namna nyingine ya kukiandika ni ktke, kwa t badala ya d.

Msomaji wa pwani hapaswi kulishangaa hilo. Katika miswada mingi ya kale ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, m au n iliyotangulia b, d au g haikuandikwa, na msomaji aliijaza mwenyewe kwa sababu lugha ilikuwa yake. Aliyezoea kusoma miswada hiyo atakuwa na jicho la kufaa sana kwa Kimeroe.

Konsonanti iliyorudiwa nayo huandikwa mara moja. Neno la kuhani huandikwa a-n-t, nalo husomwa annata, kwa kuwa limetokana na cheo cha Kimisri cha mtumishi wa mungu. Hivyo unapoona alama chache kuliko ulivyotarajia, jiulize mambo mawili: je, kuna n iliyoachwa, na je, kuna sauti iliyokazwa ambayo mwandishi ameiandika mara moja?

Hatua ya 5: Gawa maandishi

Kitenganishi ni nukta mbili, na katika maandishi ya zamani zaidi ni tatu, zilizopangwa wima. Katika unukuzi huandikwa kama nukta pacha. Lakini kitenganishi hakikati kila neno: mara nyingi hukata fungu la maneno yanayokwenda pamoja, na waandishi hawakuwa na msimamo mmoja. Kwa hiyo nakili kwanza mstari wote kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza nukta, kisha chini yake andika mstari wa pili wenye mgawanyo wako mwenyewe. Usichanganye mistari hiyo miwili. Mtu akikuuliza baadaye kwa nini umegawa hivyo, utaweza kumwonyesha jiwe linasema nini na wewe umeongeza nini.

Kumbuka pia kwamba katika meza za sadaka maandishi huzunguka ukingoni, na katikati huchongwa picha, mara nyingi Anubi, mungu wa maziko wa Misri, na mungu wa kike wakimimina maji. Usihangaike kutafuta pembe ya kuanzia. Tafuta neno la kufungulia, ambalo ndilo somo la hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Soma jiwe la kaburi, fungu kwa fungu

Mawe mengi ya makaburi ya watu wenye vyeo, hasa ya karne za kwanza BK huko Nubi ya kaskazini, yaani bonde la Naili mpakani mwa Misri na Sudan, hujengwa kwa mafungu manne. Ukiyajua manne hayo umelishika jiwe.

Fungu la kwanza ni mwito. Huandikwa wosi : soreyi, na wakati mwingine asoreyi. Soma: w na o ni wo, s na i ni si, kisha s na o ni so, r na e ni re, y na i ni yi. Wosi, soreyi. Wos ni Isisi na Sore, au Asore, ni Osirisi, miungu ya Kimisri iliyoombwa kwa ajili ya wafu. Kiambishi cha mwisho ni cha kuita. Basi maana yake ni: Ewe Isisi! Ewe Osirisi! Ukiliona fungu hilo, umeupata mwanzo wa andiko na umejua kuwa ni la maziko.

Fungu la pili ni jina la marehemu. Jina hufuatwa na qo au qowi, yenye maana ya kumtambulisha: ni fulani huyu. Jambo la kufurahisha ni kwamba qo humfichua marehemu hata pale jina lake ni geni kabisa kwako, kwa hiyo katika mazoezi ya mwanzo litafute qo kwanza, kisha rudi nyuma mpaka kwenye kitenganishi. Kilicho kati yao ndicho jina.

Fungu la tatu ni nasaba, na ndilo ninaloliona kuwa na uzito mkubwa kuliko yote, kwa sababu hapa mtu wa Kushi anatuambia mwenyewe ni wa nani. Jina la mama hufuatwa na tedxelowi, lenye maana ya aliyezaliwa na. Jina la baba hufuatwa na terikelowi, yaani aliyetokana na baba fulani. Mara nyingi mama hutangulia. Zitazame alama: te, d, x, e, l, o, w, i, husomwa te-da-khe-lo-wi, na te, r, i, k, e, l, o, w, i, husomwa te-ri-ke-lo-wi. Mkia wa lowi unaojirudia si sehemu ya neno lenyewe. Ndani yake mna l, ambayo ni kiambishi cha kubainisha kitu kinachojulikana, kisha o ya kuarifu, sawa na ni yetu, na wi inayotilia mkazo.

Baada ya wazazi huja maelezo ya vyeo na ya jamaa mashuhuri. Ndugu walitajwa kwa fahari, na jiwe la mtu wa ukoo mkubwa linaweza kuwa na mistari mingi ya aina hii. Vyeo vya kutafuta ni qore, yaani mfalme au mtawala; pqr, husomwa paqara, cheo cha juu cha watu wa nyumba ya kifalme; peseto, aliyetawala Nubi ya kaskazini kwa niaba ya mfalme; pelmos, jemadari; apote, mjumbe; na ant, kuhani. Peseto, pelmos na apote yametoka Misri kama ant, na ndiyo yaliyowasaidia watafiti kupenya mapema.

Fungu la nne ni dua, na hili ndilo la kulikariri kwa moyo. Lina kauli mbili kuu, ingawa maumbo ya vitenzi hubadilika kidogo toka jiwe hadi jiwe:

ato mhe psohekete
at mhe psixrkete

Katika kauli ya kwanza, ato ni maji na mhe ni mengi. Neno refu la mwisho lina mzizi wa kunywa, kiambishi cha mwanzo cha kumfanya mtu atende, na mkia wa kuomba. Miungu inaombwa imnyweshe marehemu maji mengi. Katika kauli ya pili, at, linalosomwa ata, ni mkate, na mzizi ni wa kula: mlisheni mkate kwa wingi. Mawe mengine huongeza kauli ya tatu inayoomba mlo mwema, ambamo utalitambua neno mlo, ambalo kwa Kimeroe ni sifa yenye maana ya -zuri au -ema, wala halina uhusiano na mlo wa Kiswahili.

Hatua ya 7: Toa sarufi ndani ya dua

Kauli hizo mbili zinatosha kukufundisha mpangilio wa sentensi. Nomino hutangulia sifa yake, kama kwetu: ato mhe, maji mengi. Lakini kitenzi hukaa mwisho, kinyume cha Kiswahili. Lugha hii haina ngeli wala jinsia ya kisarufi, na hutumia viambishi tamati kwa mambo mengi.

Viambishi vinne vitakufikisha mbali. Cha kwanza ni l au li ya kubainisha, tuliyokwisha kuiona. Cha pili ni leb, ambacho ni wingi wake. Cha tatu ni se, au s, ya umiliki, inayowekwa baada ya mwenye mali. Tazama cheo pelmos atolis: pelmos ni jemadari, ato ni maji, li ni ya kubainisha, na s ni ya umiliki. Jumla yake ni jemadari wa maji, yaani wa mto. Cha nne ni te ya mahali: Medewite ni mjini Meroe, nayo hufanya kazi kama ni ya nyumbani na shambani.

Kuna tatizo moja ambalo lazima lisemwe. Viambishi vinapokutana, sauti hubadilika. S ikikutana na l huzaa t, kanuni iliyotambuliwa na Griffith mwenyewe. Hivyo t usiyoitarajia mwishoni mwa neno inaweza kuwa s na l zilizoungana. Ukiona neno halitoshei popote, jaribu kulifungua kwa njia hiyo.

Hatua ya 8: Panda kwenye maandishi ya kifalme, kwa uangalifu

Ukishayazoea mawe ya makaburi, utatamani makubwa zaidi. Andiko zuri la kujaribu ni bamba kubwa la jiwe la Hamadab, kusini kidogo ya Meroe, lililogunduliwa na John Garstang mwaka 1914 na sasa liko London, namba REM 1003. Linawataja Malkia Amanirenas na Akinidad, ambaye alikuwa paqara na peseto. Amanirenas ndiye ambaye wengi humtambua kuwa yule kandake mwenye jicho moja aliyetajwa na Mgiriki Strabo, aliyepigana na majeshi ya Roma katika miaka ya 20 KK. Tafuta kwanza majina hayo mawili, kisha vyeo, kisha majina ya mahali, na weka alama kwa rangi mbalimbali. Utashangaa ni kiasi gani cha uso wa jiwe kitabaki bila rangi. Usikijaze kwa kubahatisha. Hata waliotumia maisha yao yote katika fani hii huacha mistari mizima bila tafsiri.

Upande wa mwisho wa historia kuna andiko la Kharamadoye katika hekalu la Kalabsha, REM 0094, la mwanzoni mwa karne ya 5 BK, linalohesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya mwisho kabisa ya Kimeroe. Dola ilikuwa imeshaanguka, lakini mwandiko ulikuwa bado unajua kazi yake. Karne kadhaa baadaye, Wanubi wa Kikristo walipoandika lugha yao kwa herufi zilizotoka kwa Wagiriki na Wakopti, Wakristo wa Misri, waliazima baadhi ya alama za Kimeroe kwa sauti ambazo herufi hizo hazikuwa nazo, ikiwemo w.

Hatua ya 9: Pima madai kuhusu ukoo wa lugha

Kwa muda mrefu watu waliihusisha lugha hii na karibu kila lugha duniani, wengine kwa kuokota maneno mawili matatu yanayofanana. Kazi iliyokubaliwa na wengi zaidi ni ya Mfaransa Claude Rilly, ambaye tangu miaka ya 2000 ameiweka Kimeroe katika tawi la kaskazini la lugha za Sudani ya Mashariki, pamoja na lugha za Nubi, Nara ya Eritrea, Nyima ya milima ya Nuba, na Tama ya mpakani mwa Chad na Sudan. Tawi hilo limo ndani ya jamii ya Nilo-Sahara, ambamo pia mnawekwa Dholuo, Kimaasai, Kikalenjini na Kiacholi. Kwa hiyo baadhi ya wasomaji wa mwongozo huu huzungumza nyumbani lugha ambayo ni jamaa wa mbali wa lugha ya Natakamani, ingawa umbali huo ni wa maelfu ya miaka na haumwezeshi mtu kuelewa jiwe kwa kusikiliza tu.

Mfano wa ushahidi unaofaa ni neno wle, mbwa, ambalo lina mwenzake katika Kidongolawi cha leo, mojawapo ya lugha za Nubi, yaani wel. Lakini neno moja halithibitishi kitu. Mtu akikuletea madai kwamba ameifumbua Kimeroe yote kwa msaada wa lugha fulani, muulize maswali matatu. Je, sauti zinalingana kwa utaratibu katika maneno mengi, au zinafanana tu kwa macho? Je, maana anayoitoa inafaa katika kila andiko ambamo neno hilo limetokea, au katika moja alilolichagua? Na je, tafsiri yake inakubaliana na zile kauli za maji na mkate, ambazo zimethibitishwa na mamia ya makaburi? Tafsiri inayoshindwa swali la tatu haina haja ya kupelekwa mbele zaidi. Inayopita yote matatu inakiliwe daftarini pamoja na namba ya REM ya kila andiko lililotumika, ili mwingine aweze kuikagua alama kwa alama.